Kutumia GPS garini bila kupotea: mwongozo kamili, kuanzia kuwasha simu hadi kufika getini

Napigiwa simu mara kwa mara na mtu aliyepotea njiani. Kisa ni kilekile: ameandika jina la mahali, ameifuata sauti ya simu kona kwa kona, na sasa amesimama mbele ya ukuta wa mtu asiyemjua. Ananiambia, "GPS imenidanganya."

Nimeendesha wageni kati ya Dar es Salaam na milima ya Usambara kwa miaka mingi. Kila ninapokaa na mtu tukaikagua simu yake, karibu mara zote nakuta GPS haina kosa. Kosa liko kwenye ramani, au kwenye mahali alipoiambia simu impeleke. Ukijua kutofautisha hayo, utajua pia pa kurekebisha, na hutapotea tena kwa sababu ileile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Simu yenye GPS, na nafasi ya kama GB 1 kwenye hifadhi yake.
- Programu mbili za ramani. Ya kwanza iwe Google Maps. Ya pili iwe Organic Maps au OsmAnd, ambazo hufanya kazi bila intaneti na hutumia ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwa Dar es Salaam ramani hiyo ina mitaa mingi kwa undani, kwa sababu tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi na wakazi kuchora vichochoro, nyumba na mifereji ya maeneo yanayofurika.
- Kishikio cha simu cha kubana, kisiwe cha sumaku. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6.
- Chaja ya kuchomeka kwenye tundu la kiwashio cha sigara, yenye kutoa walau ampea 2. Tundu la USB la redio za magari ya zamani hutoa nusu ampea tu; simu inayoongoza njia hula umeme kuliko huo, na betri itashuka hata ikiwa imechomekwa.
- Karatasi na kalamu. Usiviruke.

## Mambo matatu ambayo watu huyaita "GPS"

Nafasi. Hii ndiyo GPS yenyewe. Satelaiti huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Simu hupima mawimbi yametumia muda gani kufika, na ikizisikia satelaiti 4 au zaidi hukokotoa mahali ulipo. Kwa nini 4 na si 3? Kwa sababu saa ya simu si sahihi kama za kule juu, na ile ya nne ndiyo inayoisahihisha.

Zingatia neno *kusikia*. Simu haitumi chochote kwenda kwenye satelaiti. Kwa hiyo GPS haihitaji bando, haihitaji laini, haihitaji mnara. Ukikaa mahali peupe, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Simu nyingi za sasa husikiliza pia mifumo mingine ya satelaiti: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na hilo husaidia sana mjini.

Ramani. Ni mchoro wa barabara na majina. Satelaiti haijui kama mbele yako pana barabara, ukuta au mto. Barabara ikiwa imechorwa vibaya, nafasi yako itakuwa sahihi juu ya mchoro usio sahihi.

Njia. Ni hesabu inayofanywa na programu: kutoka ulipo hadi unakokwenda, kwa kufuata mchoro huo na masharti uliyoyaweka. Ukiacha njia, programu inaikokotoa upya. Haijui kama umepotea au umeamua kupita sheli kuweka mafuta.

Kila linapotokea tatizo, jiulize: ni nafasi, ni ramani, au ni njia?

## Hatua ya 1: Washa lokesheni, kisha iruhusu iwe sahihi

Kuwasha lokesheni tu hakutoshi. Simu za siku hizi zinakuruhusu kuipa programu mahali pa kukadiria badala ya mahali halisi. Ukichagua kukadiria, programu itajua uko Sinza, lakini haitajua mtaa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua programu ya ramani, nenda kwenye ruhusa za lokesheni, washa lokesheni sahihi. Kisha zima hali ya kuokoa betri, kwa kuwa kwenye simu nyingi hubana GPS skrini inapozimika.

Toka nje, fungua ramani. Utaona nukta ya buluu ikizungukwa na duara hafifu. Duara hilo ni kipimo cha wasiwasi wa simu: "niko mahali fulani humu ndani." Likiwa kubwa kama mtaa mzima, bado. Likinywea hadi kubaki nukta peke yake, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali, usitafute jina

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Majina yetu ya mahali yanajirudia. Mwulize aliyeambiwa aende "Mbezi". Iko Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo. Iko Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro, kilipo kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli. Mtu anaandika "Mbezi", programu inamletea orodha, anabonyeza ya kwanza, na basi lake linaondoka wakati yeye anaiona bahari. Satelaiti hazina kosa hapo.

Dawa ni kupata pini, yaani alama ya mahali penyewe kwenye ramani, na njia ni tatu.

Lokesheni ya WhatsApp. Mwenyeji akituma lokesheni yake ya sasa, skrini yake humwonyesha usahihi wa mita ngapi. Mwambie atoke nje ya nyumba, asubiri namba hiyo ishuke chini ya mita 20, ndipo atume. Na mwulize waziwazi: "Uko nyumbani sasa hivi?" Watu hutuma lokesheni ya sasa wakiwa kazini, na wewe unafika ofisini kwao. Lokesheni mubashara ni kitu kingine: humfuata mtu anakokwenda, na hukoma baada ya dakika 15, saa 1 au saa 8, kadiri alivyochagua. Inafaa kukutana na mtu aliye njiani, haifai kuwa anwani.

Namba za latitudo na longitudo. Bonyeza kwa muda mrefu mahali kwenye ramani, pini itadondoka na namba mbili zitaonekana. Sanamu ya Askari pale Posta iko karibu na -6.82, 39.29. Ya kwanza ni latitudo, umbali kutoka ikweta. Alama ya kutoa inamaanisha kusini. Ya pili ni longitudo, na kwetu haina alama hiyo kwa kuwa tuko mashariki ya mstari wa sifuri.

Makosa yake ni matatu, na yote nimeyaona. Ukisahau alama ya kutoa, unapelekwa Ethiopia. Ukigeuza mpangilio, unapelekwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. La tatu ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani haraka: mtu anasoma nyuzi 6 na dakika 48, anaandika 6.48. Dakika ni sehemu ya 60, kwa hiyo 48 ni 0.80, na namba sahihi ni 6.80. Tofauti hiyo ndogo ni kilomita 35 hivi. Pini ya Posta inaangukia baharini, kati ya Bagamoyo na Unguja. (Msomaji wa Kenya awe mwangalifu zaidi, maana ikweta inaikata nchi: Nairobi ina alama ya kutoa, Eldoret haina.)

Angalia pia tarakimu baada ya nukta. Mbili hukuacha ndani ya kilomita 1 hivi, tatu mita 110, nne mita 11, tano mita 1. Kwa nyumba ya mtu, omba tano.

Plus Code. Ni herufi na namba zenye alama ya kujumlisha katikati, zinazoonekana chini ya pini kwenye Google Maps. Hutaja kipande cha ardhi cha mita 14 kwa 14 hivi. Ni rahisi kuisoma kwa simu kuliko latitudo, kwa kuwa hakuna irabu wala alama ya kutoa. Ukitumiwa ile fupi, andika na jina la mji. Bila mji haina maana.

### Pini iwe getini, si juu ya paa

Niliwahi kupeleka ndugu watatu msibani kule Goba. Pini tulitumiwa, sahihi kabisa, katikati ya paa la nyumba. Programu ikatupeleka, ikatangaza tumefika. Tukashuka. Mbele yetu kulikuwa na bonde, na ng'ambo yake tuliliona turubai la msiba na watu wamekaa. Tulisikia hata kipaza sauti. Hapakuwa na daraja.

Mzee mmoja alikuwa amekaa nje ya duka. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mnaenda pale?" akanyoosha mkono. "Wengi wamefika hapa tangu asubuhi. Rudini mpaka barabara kubwa, mwingilie upande wa pili." Tulichelewa, na wale ndugu walikuta mwili umekwisha kutolewa nyumbani. Hilo halijanitoka mpaka leo.

Sababu ni hii: programu haikupeleki kwenye pini, inakupeleka kwenye *barabara iliyo karibu zaidi na pini*. Nyumba ya bondeni ikiwa mita 40 kutoka barabara ya ng'ambo na mita 60 kutoka barabara yake yenyewe, utapelekwa ng'ambo. Kwa hiyo mwombe mwenyeji asimame getini, mguu barabarani, ndipo atume. Na kama unaona bonde, reli au mto karibu na pini, ongeza kituo cha kati: pini ya pale unapoacha barabara kubwa. Programu italazimika kupitia hapo.

Utajua umefanikiwa ukiigeuza ramani kuwa picha za angani, ukauona geti au paa, na mwenyeji akathibitisha: "Ndiyo, lile paa jekundu karibu na msikiti."

## Hatua ya 3: Pakua ramani kabla ya kutoka

GPS haihitaji intaneti, lakini ramani huja kwa intaneti usipoihifadhi. Nje ya miji, mnara ukipotea utabaki na nukta ya buluu katikati ya skrini tupu.

Kwenye Google Maps gusa picha ya akaunti yako, chagua ramani za nje ya mtandao, kisha vuta fremu izingire safari yote. Acha nafasi pembeni, kwa sababu mwisho wa safari ukiwa nje ya fremu hutapata njia. Fremu moja isipotosha, pakua mbili zinazopishana. Fanya hivi kwa Wi-Fi au bando la usiku, maana ni mamia ya MB. Ramani hizi huisha muda, hivyo zisasishe kabla ya kila safari ndefu. Kwenye Organic Maps unapakua kwa majina ya maeneo, na ni rahisi zaidi.

Angalizo: bila intaneti Google Maps itakupa njia ya gari, lakini haitakuonyesha foleni, haitakupa njia mbadala, na njia za kwa miguu hazitakuwepo. Saa ya kufika inayoonyesha ni ya barabara isiyo na foleni.

Kipimo chake kifanye ukiwa bado nyumbani: weka simu kwenye hali ya ndege, fungua ramani, omba njia. Ikitokea yote mpaka mwisho, uko tayari.

## Hatua ya 4: Kagua masharti ya njia

Ndani ya chaguo za njia kuna vitufe vya kuepuka barabara za kulipia, kuepuka vivuko na kuepuka barabara kuu. Mtu huvigusa siku moja akasahau, na baada ya hapo simu yake humpitisha kusikoeleweka.

Mfano mzuri ni Posta kwenda Kigamboni. Njia fupi ni kivuko cha Magogoni. Ya pili ni Daraja la Nyerere, ambalo lina tozo. Ukiwa umewasha kuepuka vivuko *na* kuepuka tozo, programu haina kosa ikikuzungusha hadi Mbagala na Kongowe. Imetii ulichosema.

Vizime vyote, kisha washa kimoja tu pale unapokuwa na sababu.

## Hatua ya 5: Isome njia kwa macho, uandike majina

Programu hutafuta njia ya muda mfupi kwa hesabu zake. Haijui mvua ya jana, haijui kama gari lako ni dogo la chini.

Chukua safari ya Dar es Salaam kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 300. Utapewa njia ya Chalinze, au ya Bagamoyo na Msata, yenye kipande cha lami cha kilomita 64 kinachotokea kwenye barabara ileile itokayo Chalinze kwenda Segera. Zote ni nzuri. Mimi huchagua Msata asubuhi, nikwepe foleni ya Kibaha. Lakini ukiona mstari umeng'ang'ania pwani kupitia Saadani, simama. Hiyo ni hifadhi ya taifa, ina geti na kiingilio, na si njia ya gari dogo kipindi cha masika.

Ivute ramani karibu, fuata mstari kwa kidole, na andika kwenye karatasi majina ya njia panda tu: Msata, kulia. Segera, kushoto kwenda Korogwe. Kulia ni Tanga. Mombo, kulia, anza kupanda. Soni. Lushoto. Mistari mitano. Simu ikizimika kwa joto pale Segera, karatasi itakufikisha.

Kwenye saa ya kufika ongeza yako. Vijiji vya njiani vina vibao vya kilomita 50 kwa saa, na kuna malori. Kwa safari hii mimi huongeza saa nzima.

## Hatua ya 6: Funga simu, subiri nukta itulie

Weka simu kwenye kishikio, chini kidogo ya mstari wa macho, karibu na tundu la kiyoyozi. Ikikaa juu ya dashibodi kwenye jua itapata joto, itafifiza skrini na kuacha kuchaji. Vioo vyenye tinti ya chuma hupunguza mawimbi, na simu iliyo ndani ya droo haisikii vizuri.

Kama ilizimwa siku nyingi au umetoka kusafiri kwa ndege, ipe dakika chache nje kabla ya kung'oa gari. Kila satelaiti hutumia sekunde 30 kutangaza maelezo ya mzunguko wake, na yakikatizwa na paa au mti, simu husubiri yarudiwe. Intaneti husaidia kuyaleta upesi, ndiyo maana nyumbani nukta hutokea mara moja na porini hukawia.

Sasa mshale. Gari likiwa limesimama, GPS haijui umeelekea wapi. Inajua ulipo tu. Simu huuliza dira yake, na dira hupotoshwa na sumaku ya kishikio. Matokeo yake mshale unaangalia nyuma, na kwenye geti lako mwenyewe unaanza safari kwa upande usio wake. Endesha mita 20 hivi kwanza. Gari likisogea, GPS inaujua mwelekeo kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo, na mshale hujinyoosha.

Chagua pia ramani izunguke na gari, yaani mbele yako iwe juu ya skrini. Ikifungwa kaskazini juu, unapoelekea kusini kulia kwako kutaonekana kushoto.

## Hatua ya 7: Ukiwa barabarani

Andika kila kitu ukiwa umesimama. Kushika simu huku unaendesha ni kosa la barabarani, na ni hatari kwako na kwa wa bodaboda aliye pembeni yako. Sikiliza sauti, tazama skrini kwa kupitisha jicho tu.

Kuna mahali ambapo nafasi yenyewe huyumba. Kariakoo, mawimbi hugonga maghorofa kabla ya kufika kwenye simu, na safari hiyo ya ziada huifanya simu iamini uko mtaa wa jirani. Nukta inaruka kutoka Sikukuu hadi Mkunguni. Hapo usikimbilie kufuata mshale: soma vibao, fuata majina.

Ubungo, kwenye barabara za juu, tatizo ni jingine. Barabara zimepangwa kwa ngazi tatu, na GPS hukosea zaidi kwenye kimo kuliko kwenye upana. Programu hukubandika kwenye barabara inayodhani uko, ya juu au ya chini. Amua mapema kwa kusoma vibao vya barabarani, usisubiri sauti. Vivyo hivyo kwenye barabara za pembeni zinazokwenda sambamba na barabara kubwa.

Ukikosa kona, endelea mbele. Usifunge breki, usigeuze gari pasiporuhusiwa. Njia mpya itakokotolewa ndani ya sekunde chache. Ikikuambia ugeuze na huoni nafasi salama, nenda hadi kipilefti kinachofuata.

Utaona pia kasi ya kwenye simu iko chini kuliko ya dashibodi. Ni kawaida: dashibodi hutengenezwa isisome pungufu ya kasi halisi. Wewe tii ya dashibodi, maana huwezi kujadiliana na tochi ya trafiki inayopima kasi.

## Hatua ya 8: Mita mia za mwisho

Ikisema umefika, tazama nje kwanza. Uko upande sahihi wa barabara? Paa ulilothibitisha linaonekana? Namba ya nyumba kwenye kibao cha anwani ya makazi inalingana na uliyopewa? Kama hapana, simama salama, ivute picha ya angani, uone kama kati yako na pini pana ukuta au bonde. Kisha uliza mtu. Dereva mzuri wa GPS hushusha kioo na kusalimu.

Ukifika kweli, fanya jambo moja kabla ya kuingia ndani: simama getini, subiri nukta inywee, bonyeza kwa muda mrefu, hifadhi pini na uipe jina linaloeleweka, kama "Geti la shangazi, Goba, ingia kwa upande wa msikiti". Mtumie na mwenyeji wako, ili anayekuja kesho apewe hiyo, si ile ya juu ya paa.